Msimu mzima wa Uefa kwenye benchi la ukutani, Kondele

Nauza samaki Kondele, hapa Kisumu. Karai langu huwa motoni tangu saa kumi jioni hadi saa tatu na nusu usiku, ngege na mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyotolewa minofu), na ni baada ya kuzima makaa ndipo napata nafasi ya mpira. Kwa hiyo nikikwambia kibanda fulani cha kuonyesha mpira ni kizuri, nakwambia kama mwanamke anayeingia peke yake saa nne usiku, nguo bado zina harufu ya mafuta, anayetaka kuona mechi hadi kipenga cha mwisho kisha afike nyumbani salama. Wanaume wakisifu kibanda husifu ukubwa wa skrini. Mimi huanza na mlango, taa na choo.

Juzi nilikaa na simu nikahesabu jumbe za M-Pesa nilizomtumia mwenye kibanda ninachoangalia mpira, msimu wa 2024/25. Ni 24. Wa kwanza ni wa tarehe 1 Oktoba, usiku ambao Arsenal iliifunga PSG ya Ufaransa 2-0, Havertz na Saka. Wa mwisho ni wa tarehe 31 Mei, fainali. Mtu akilipa mara 24 mahali pamoja ana haki ya kusema neno.

Kibanda chenyewe hakina jina. Ukitoka chini ya daraja la Kondele ukashika njia ya Manyatta, wapite mafundi viatu, utaona mabati yaliyopakwa rangi ya buluu na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki: timu, saa, bei. Ligi ya Uingereza ni shilingi 30. Uefa, yaani Ligi ya Mabingwa Ulaya, ni 50. Fainali ilikuwa 100. Ubao ukisema saa nne, saa nne utakuta picha imeshatulia, si mtu anahangaika na waya. Mtoto wa shule haingii mechi za usiku hata aje na pesa, hata aje na kaka yake. Nimewaona wawili wakirudishwa mlangoni usiku wa Real Madrid na Manchester City, wakalia, na bado hawakuingia.

Ndani kuna mabenchi tisa ya mbao yasiyo na mahali pa kuegemea, projekta iliyofungwa juu kwa waya, na televisheni ya inchi 43 pembeni. Mechi mbili zikigongana, moja huwekwa kwenye skrini kubwa na nyingine kwenye televisheni bila sauti. Skrini kubwa ni plaiwudi iliyopakwa rangi nyeupe. Mwezi wa kumi na moja mvua ilipenya kwenye tundu la msumari juu ya paa ikashuka na kuchora doa la kahawia, mfano wa jani la mwembe, kwenye pembe ya juu kushoto. Hapo ndipo saa ya mechi na matokeo hukaa. Ukiwa benchi la mbele unasoma kwa shida. Ukiwa nyuma unamuuliza jirani. Hilo ni kosa kubwa kwa kibanda cha mpira, na mwenyewe analijua kwa sababu nimemwambia zaidi ya mara moja.

Sasa benchi langu. Msimu uliotangulia nilikuwa naenda kwingine, nako nilikuwa nasimama ukutani kila mechi, nasukumwa, na mwenye mahali aliniambia mwanamke akitaka starehe akae kwake. Sikurudi. Hapa, ile Oktoba 1, nilisimama tena kwa mazoea. Mwenye kibanda alikuja akawaomba vijana watatu wasogee, akanionyesha benchi fupi la ukutani karibu na mlango, akasema, "Mama, kaa hapa. Hapa ukitaka kutoka unatoka bila kuomba njia." Wiki iliyofuata benchi hilo lilikuwa limeandikwa AKINA MAMA kwa chaki. Kufikia Februari tulikuwa watano: mimi, mama wa chai, wasusi wawili, na msichana mmoja anayefanya kazi katika duka la dawa. Hakuna mwanamume aliyewahi kutukalia hapo, hata usiku wa fainali ambapo watu walikaa sakafuni.

Jambo lililonifanya nikipende kibanda hiki kuliko vingine vyote ni karatasi ya ukutani. Msimu huu ulikuwa wa kwanza wa mfumo mpya. Yale makundi ya timu nne nne tuliyoyazoea yaliondolewa. Timu 36 ziliwekwa kwenye jedwali moja, kila timu icheze mechi 8 na wapinzani 8 tofauti, nne nyumbani na nne ugenini. Nane za juu ziende moja kwa moja hatua ya 16 bora, ya 9 hadi ya 24 zicheze mchujo, ya 25 kwenda chini ziage. Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Mtu mzima anauliza, "Sisi tuko kundi gani?" na mwingine anamjibu kwa ukali kuwa hakuna kundi, halafu wote wawili wananyamaza.

Mwenye kibanda alinunua karatasi nne za manila akaziunganisha, akapiga mistari kwa rula, kisha akakata katoni za sabuni vipande 36 na kuandika jina la timu kwenye kila kimoja. Kila kipande kina tundu, kila nafasi ina msumari mdogo. Alichora mstari wa kijani chini ya nafasi ya 8 na mwekundu chini ya nafasi ya 24. Mechi za Jumatano zikiisha, kabla hajazima taa, vipande vinahamishwa, na utaratibu wake ni kwamba shabiki wa timu ndiye anayehamisha kipande chake. Cha Arsenal kilikuwa changu. Kufikia Januari kilikuwa kimelowa mafuta ya vidole vyangu hadi ukikiinua kwenye taa unaona mwanga upande wa pili. Hapo ndipo wazee waliokuwa wamekata tamaa na mfumo ule walipouelewa. Ukiona kwa macho yako timu inapanda kutoka msumari wa 12 hadi wa 3, huhitaji mchambuzi.

Kulikuwa na kijana mmoja wa boda, shabiki pekee wa PSG niliyewahi kumwona Kondele. Alikuwa bado anavaa jezi ya Mbappé ya PSG ilhali Mbappé mwenyewe alikuwa ameshahamia Madrid. Baada ya PSG kufungwa na Bayern 1-0 mwezi Novemba walikuwa na pointi 4 katika mechi 5, na kijana akakitundika kipande chake chini ya ule mstari mwekundu, polepole, watu wakimtazama. Hakuna aliyemcheka. Hilo pia nalihesabu kama sifa ya mahali.

Tarehe 22 Januari ndipo niliposadiki kwamba mwenye kibanda anapenda mpira kuliko shilingi 50 zetu. Arsenal ilikuwa inacheza na Dinamo Zagreb, na wakati huohuo PSG na City. Sisi wa Arsenal tulikuwa wengi, kwa hiyo skrini kubwa ilikuwa yetu. Tulishinda 3-0 bila jasho. Lakini pembeni, kwenye televisheni isiyo na sauti, City walifunga mawili mara tu baada ya mapumziko, Grealish na Haaland, na kijana wa boda akainamisha kichwa. Dakika chache baadaye Dembélé akarudisha moja, Barcola la pili. Mwenye kibanda akasimama mbele yetu akauliza, "Ndugu zangu wa Arsenal, mnaniruhusu?" Tukapiga kelele ya kukubali. Akabadilisha. Tulimwona João Neves akifunga kwa kichwa na Gonçalo Ramos akimaliza katika dakika za nyongeza, 4-2, sote kwenye skrini kubwa. Usiku ule kipande cha PSG kilivuka mstari mwekundu. Mechi zote nane zilipoisha, PSG walimaliza wa 15 na pointi 13. Liverpool wa kwanza na 21, Barcelona wa pili na Arsenal yangu wa tatu, wote wawili 19.

Kuhusu saa. Wasiokesha hawajui kwamba Ulaya wakirudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba, mechi za saa nne usiku kwetu zinakuwa za saa tano, na zinabaki hivyo hadi mwisho wa Machi. Mechi ya saa tano inaisha karibu saa saba. Usiku wa Machi 11, Liverpool na PSG walienda muda wa ziada na penalti, kipa wa PSG, Donnarumma, akaokoa za Núñez na Curtis Jones, na tulitoka inakaribia saa nane. Mwanamke atembee saa nane usiku kutoka Kondele hadi ndani ya Manyatta? Mlangoni, kwa ndani, kuna karatasi yenye nambari za waendesha boda watatu ambao mwenye kibanda anawafahamu hadi kwao. Anakupigia mmoja, anakwambia nauli ni shilingi ngapi mbele yake ili isigeuke njiani, na anakuomba utume ujumbe ukifika. Usiku ule nilifika nikalala bila kutuma. Saa nane na nusu simu ililia. Alikuwa yeye, anauliza kama nimefika.

Aprili 8 nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo siku pekee aliyotuangusha. Arsenal na Real Madrid, robo fainali, mkondo wa kwanza, London. Mimi niliisikiliza redioni fainali ya kwanza ya Arsenal katika mashindano haya, mwaka 2006, nikiwa darasa la saba. Barcelona walitufunga 2-1 na nikalala na njaa kwa hiari yangu. Sasa Madrid hao mbele yetu, mabingwa mara 15. Mvua ilikuwa inapiga mabati hadi mtangazaji hasikiki. Mapumziko, 0-0.

Dakika ya 58 Declan Rice akaweka mpira chini kwa frikiki. Hakuwahi kufunga frikiki ya moja kwa moja maishani mwake. Mpira uliupita ukuta kwa nje, ukapinda ukarudi ndani, kipa wao Courtois akaruka akaukosa. Nilimkumbatia mama wa chai na birika lake likaanguka. Tulikuwa bado hatujatulia stima zikapotea.

Giza, mvua, na moshi wa ile taa ya koroboi aliyoiwasha mtu nyuma. Mwenye kibanda alitoka mbio na tochi ya simu hadi kwenye jenereta nyuma ya ukuta, tukawa tunasikia akivuta kamba: mara moja, mara mbili, mara ya tano. Kamba ilikuwa imelowa. Na hapo ndipo tuliposikia kelele kutoka kwenye baa ya ng'ambo ya barabara, ambao jenereta yao ilikuwa tayari. Kelele ndefu. Bao. Lakini la nani? Watu sitini gizani, hakuna anayejua. Msichana wa duka la dawa alinishika mkono hadi kucha zikaingia. Jenereta iliposhika, dekoda nayo ikaanza kujiwasha upya kwa ule mwendo wake, na picha ilipokuja mimi niliangalia pembe ya kushoto nikaona doa tu. Kijana wa benchi la mbele ndiye aliyegeuka akapaza sauti: "Mbili! Ni mbili!" Rice tena, frikiki nyingine, dakika ya 70, pembe ya juu kabisa. Mchezaji wa kwanza kufunga frikiki mbili katika mechi moja ya hatua ya mtoano ya mashindano haya, na mimi niliyengoja tangu darasa la saba nilikuwa gizani. La tatu, la Merino dakika ya 75, nililiona. Lile la pili nililiona marudio baada ya mechi, na siyo sawa.

Mechi ilipoisha 3-0 mwenye kibanda alipita benchi kwa benchi na mkebe wa sarafu, akamrudishia kila mtu shilingi 20. Wengine walikataa. Mimi nilichukua, kwa sababu nililipia kuona na sikuona, na nadhani kuchukua kulimsaidia kuliko kumsamehe. Mkondo wa pili, Aprili 16, nilifika saa tatu na dakika hamsini nikakuta jenereta inanguruma na stima zipo. Aliiacha ikiunguza mafuta mechi nzima. Saka akapoteza penalti, akafunga baadaye, Martinelli akamalizia dakika za mwisho, 2-1 Bernabéu, kwao Madrid, 5-1 kwa jumla. Tangu hapo kila mechi ya Uefa jenereta huwashwa kabla ya filimbi ya kwanza.

Nusu fainali ya Arsenal siisimulii sana. Dembélé dakika ya 4 London. Kule Paris Donnarumma alizuia mipira ambayo mimi nilishaanza kuishangilia, Fabián Ruiz na Hakimi wakafunga, Saka akarudisha moja, 3-1 kwa jumla, tukaaga. Nililia pale pale kwenye benchi. Mama wa chai aliniwekea kikombe miguuni bila kusema neno na hakunidai. Kijana wa boda hakushangilia mbele yangu. Alitoka nje kwanza, tukasikia honi yake.

Usiku uliotangulia, Mei 6, ndio uliokuwa wa jaduong' (mzee) mmoja anayekaa benchi la tatu na koti lake la baridi hata kukiwa na joto. Yeye ni shabiki wa Inter ya Italia tangu mwanzo wa mwaka 2010, Mkenya McDonald Mariga alipotoka Parma kwenda Inter kwa kocha Mourinho, na Mei mwaka huo Inter ikatwaa kombe hili. Vijana wanamjua Wanyama, Mkenya mwingine. Alikuwa Celtic ilipoifunga Barcelona 2-1 mwaka 2012, na bao moja lilikuwa lake. Wanamjua Origi, mtoto wa Mike Okoth wa Harambee Stars, na lile bao lake la fainali ya 2019. Jaduong' huwasikiliza kisha anasema Mariga ndiye Mkenya aliyetangulia, na ni kweli. Mkondo wa kwanza na Barcelona ulikuwa 3-3. Huu wa pili, Raphinha alipofunga dakika ya 87 ikawa 3-2 kwa Barcelona, wengi walisimama wakaanza kutafuta viatu na simu. Dakika ngapi zimebaki? Doa. Hakuna anayeona. Jaduong' peke yake alikuwa ameketi, saa yake ya mkononi karibu na jicho, akisema, "Bado, bado." Dakika ya 93 Acerbi, beki wa miaka 37, akafunga kama mshambuliaji. Benchi la tatu lilivunjika mguu. Frattesi akamaliza kazi katika muda wa ziada, 4-3, jumla 7-6, na sijawahi kuona mechi bora kuliko hiyo kwa shilingi 50.

Fainali, Munich, haikuwa mechi. Hakimi dakika ya 12, Doué mawili, Kvaratskhelia, kisha Mayulu, mtoto wa miaka 19. PSG 5, Inter 0. Hakuna fainali ya kombe hili iliyowahi kuwa na tofauti kubwa hivyo. Jaduong' alikaa hadi mwisho na koti lake. Baada ya filimbi mashabiki wa PSG walifunua kitambaa kikubwa chenye picha ya kocha wao Luis Enrique na binti yake Xana, aliyefariki mwaka 2019 akiwa na miaka tisa kwa saratani ya mifupa. Kwenye benchi letu kila mmoja ana mtoto au amezika mtoto. Mwenye kibanda alipunguza sauti, hakuna aliyemwagiza, tukaangalia kimya. Kisha kijana wa boda akapelekwa mbele kuhamisha kipande chake hadi juu kabisa. Kilikuwa kimechakaa kwenye tundu, ikabidi akitoboe tena kwa funguo ya pikipiki.

Malalamiko yangu mengine ni haya. Choo ni cha ploti ya nyuma, shilingi 10, na komeo la upande wa wanawake limekatika tangu Desemba. Tunaenda wawili, mmoja ashike mlango. Mwenye kibanda anasema si chake, na ni kweli si chake, lakini wateja ni wake na komeo ni shilingi 80 dukani. Joto la Februari mle ndani ni kali, madirisha mawili hayatoshi. Vaa nguo nyepesi na uje na leso ya kujipepea. Mabenchi yanachosha mgongo mechi ikienda dakika 120. Chai ni nzuri, ina tangawizi ya kutosha, shilingi 20, lakini mandazi ya saa tano usiku ni ya asubuhi, usinunue.

Kuhusu lile doa, jana nilipita nikiwa natoka soko la Kibuye na ndoo yangu. Plaiwudi mpya imesimama nyuma ya mlango, bado haijapakwa rangi. Paa nalo lina kiraka cha lami juu ya ule msumari. Droo ya msimu unaofuata huwa Agosti, na tayari ameshanunua manila.